Hataza ya Kunukuu Sauti: Usidai Matokeo, Dai Njia

Aliyetengeneza mfumo wa kugeuza sauti kuwa maandishi, kisha akataka kuuombea hataza Marekani, ajiandae kukutana na hoja inayokera: kwamba alichokivumbua ni kazi ya karani. Mkaguzi atasoma madai yake, ataona yanazungumzia kupokea usemi, kuuchambua na kutoa maneno, na atajibu kwamba mtu mwenye kalamu na masikio mazima amekuwa akifanya hivyo mahakamani na bungeni miaka nenda miaka rudi. Kompyuta imeongeza kasi tu. Wengi hung'aka kwamba hakuna karani anayeweza kumaliza saa mia moja za mazungumzo kwa dakika chache. Ni kweli, lakini haisaidii. Kasi peke yake haijawahi kuwaridhisha majaji wa Marekani, na mwombaji anayeitegemea hutumia fedha nyingi za wakili kutetea jambo ambalo hakuna aliyelipinga. Ushauri ninaoutoa hapa, kwa wahandisi na wenye kampuni changa wanaofanya kazi na sauti, unasimama juu ya hoja moja: ombi la aina hii huishi au hufa kwa jinsi linavyoeleza kile ambacho mashine inaifanyia sauti. Uzuri wa maandishi yanayotoka mwishoni hauliokoi.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 101 cha sheria ya hataza ya Marekani kinaruhusu hataza kwa mbinu, mashine, kitu kilichotengenezwa au mchanganyiko wa vitu. Mahakama zimeongeza makatazo ambayo hayamo katika maneno ya kifungu hicho: kanuni za maumbile, matukio ya asili na mawazo dhahania. Mwaka 2014, katika shauri la Alice Corp. dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu iliweka kipimo cha hatua mbili ambacho kinatumika hadi leo. Kwanza huulizwa kama dai linaelekea kwenye wazo dhahania. Ikiwa ndivyo, huulizwa kama kuna kitu cha ziada kinacholitoa hapo. Kutamka "fanya hivi kwa kompyuta" si kitu cha ziada. Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, iliyagawa mawazo dhahania katika mafungu matatu: dhana za kihisabati, michakato ya akilini, na namna za kupanga shughuli za watu. Unukuzi wa sauti una bahati mbaya ya kugusa mawili kwa pamoja. Ukiuelezea kwa juu unafanana na kazi ya akili, kwa sababu watu husikiliza na kuandika. Ukiuelezea kwa undani unafanana na hisabati, kwa sababu ndani yake mna mabadiliko ya Fourier, vekta na uwezekano. Mwombaji anaukimbia moto wa kwanza na kuangukia wa pili.

Kabla ya kufika kwenye mtego huo, kuna mtego mdogo unaowanasa watu kwa uzembe tu. Mwaka 2015, katika shauri la Allvoice Developments dhidi ya Microsoft, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ilikataa madai kuhusu kiolesura cha utambuzi wa usemi kwa sababu kilidaiwa kama programu tupu, bila umbo lolote la kushikika na bila kuandikwa kama mbinu. Mwaka 2007, katika shauri la Nuijten, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba mawimbi ya mpito, yale yanayopita tu hewani au kwenye waya, hayaingii katika fungu lolote kati ya manne ya kifungu cha 101. Kwa hiyo usidai programu wala wimbi. Dai mbinu yenye hatua, au mfumo wenye kichakataji na kumbukumbu, au chombo cha kuhifadhia kisicho cha mpito. Wakili mzuri analijua hili hata akiwa usingizini, lakini waombaji wanaojiandikia wenyewe bado wanalikosea.

Sasa tuingie kwenye kiini. Shauri ambalo kila mtu wa fani ya sauti anapaswa kulisoma halihusu unukuzi, ila ni ndugu yake wa karibu. Katika McRO dhidi ya Bandai, lililoamuliwa mwaka 2016, uvumbuzi ulihusu katuni za kompyuta na jinsi ya kuifanya midomo ya mhusika iende sambamba na usemi. Zamani wachoraji waliitazama orodha ya fonimu zilizopangiwa muda, wakairekebisha midomo kwa jicho na uzoefu. Hataza ilidai seti ya kanuni zinazoangalia mfuatano wa fonimu, si fonimu mojamoja, ili kuamua umbo la mdomo na wakati wa kubadilika kwake. Upande wa pili ulisema hiyo ni kazi ya mchoraji iliyowekwa kwenye kompyuta. Mahakama ikakataa. Ilisema kompyuta haikuwa inarudia hatua za mchoraji. Ilikuwa inafuata kanuni za aina nyingine, mahususi, ambazo mchoraji hakuwa akizitumia, na kutokana na kanuni hizo teknolojia yenyewe ikawa bora. Mnukuzi wa sauti achukue funzo hapa. Mfumo unaoiga hatua za karani, yaani unasikiliza sentensi, unakisia neno, unaliangalia kwenye kamusi na kulisahihisha, uko pabaya hata ukiwa wa haraka kiasi gani. Mfumo unaofika kwenye maandishi kwa njia ambayo karani hana habari nayo una pa kusimamia.

Mfano ulio karibu zaidi uliandikwa na ofisi ya hataza yenyewe. Julai 2024 ilitoa mifano mipya kuhusu akili mnemba, na Mfano wa 48 unahusu kutenganisha sauti za watu wanaozungumza kwa pamoja. Ni wa kubuni, lakini wakaguzi wanautumia kama kipimo. Dai la kwanza linapokea mawimbi ya sauti zilizochanganyika, linayageuza kuwa spektrogramu, kisha linatumia mtandao wa neva kukokotoa vekta kwa fomula iliyotajwa. Linaishia hapo, na ofisi ikasema halistahili: kilichobaki mkononi ni hisabati, na mtandao wa neva umetajwa kama chombo tu. Dai la pili linaendelea mbele. Linazigawa zile vekta katika makundi kulingana na kila msemaji, linaweka vichujio, linaunda upya mawimbi ya sauti ya kila mmoja, kisha linayaunganisha na kuiacha nje sauti isiyotakiwa. Hilo linastahili, kwa sababu hesabu imerudi kwenye sauti na kuibadilisha. Dai la tatu linamtenga msemaji anayehitajika, linachukua sifa za spektra ya sauti yake na kutoa mfuatano wa maneno, yaani nukuu ya alichosema yeye peke yake. Nalo linastahili. Tazama vizuri tofauti iliyopo kati ya dai la kwanza na hayo mawili. Hisabati ni ileile na mtandao wa neva ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba tatizo la kiufundi lililoelezwa katika maelezo ya uvumbuzi, la sauti kuingiliana, linaonekana likitatuliwa ndani ya maneno ya dai. Na anayedhani kutaja nukuu ndiko kulikoliokoa dai la tatu amesoma vibaya. Kilicholiokoa ni hatua za kumtenga msemaji zilizotangulia nukuu hiyo.

Kwa watu wanaofanya kazi na Kiswahili, shauri la kutisha ni jingine. Aprili 2025, katika Recentive Analytics dhidi ya Fox, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ilikutana kwa mara ya kwanza na swali la kujifunza kwa mashine peke yake. Hataza zilihusu kupanga ratiba za matukio na ramani za matangazo ya televisheni kwa kutumia modeli zinazojifunza kutokana na data. Mahakama ilisema kwamba kuchukua mbinu za kawaida za kujifunza kwa mashine na kuzipeleka kwenye uwanja mpya wa data, bila kuonyesha ni kitu gani kimeboreshwa katika modeli yenyewe, hakustahili hataza. Sasa fikiria jinsi mifumo mingi ya Kiswahili inavyotengenezwa. Mhandisi anachukua modeli iliyo wazi kama Whisper, ambayo OpenAI iliitoa mwaka 2022 baada ya kuifundisha kwa saa 680,000 za sauti, anakusanya rekodi za Kiswahili, anaifundisha zaidi, makosa yanapungua kwa kiasi kikubwa. Kazi hiyo ni ngumu, ina thamani, na huenda ndiyo itakayoiwezesha mahakama ya wilaya kuandika mwenendo wa shauri bila hakimu kuchoka mkono. Lakini kwa macho ya Recentive, hiyo ni mbinu ya kawaida kwenye data mpya. Lugha kuwa mpya kwa modeli hakuifanyi njia kuwa mpya. Asiyelikubali hili mapema atalipia ada za kuombea kitu ambacho mahakama imekwisha kukisemea.

Je, mlango umefungwa? Hapana, na hapa ndipo inapofaa kuwa makini kuliko kukata tamaa. Septemba 2025, katika shauri la Desjardins lililosikilizwa na jopo la rufaa ndani ya ofisi ya hataza likiongozwa na mkurugenzi wake John Squires, ombi lililohusu kufundisha modeli lilikuwa limekataliwa kuwa ni hisabati, na jopo likautengua uamuzi huo. Uvumbuzi ulikuwa njia ya kuifundisha modeli kazi moja baada ya nyingine bila kuisahau ile ya kwanza, na maelezo yake yalisema wazi kwamba njia hiyo inapunguza mahitaji ya hifadhi na kulinda uwezo wa awali. Baadaye ofisi iliufanya uamuzi huo kuwa wa kufuatwa na wakaguzi. Kila aliyewahi kuiongezea modeli ya Kiingereza lugha ya Kiswahili anaujua ugonjwa huo wa kusahau: Kiswahili kinapanda, Kiingereza kinaporomoka, na mzungumzaji wa Nairobi anayechanganya lugha katika sentensi moja anaharibikiwa pande zote. Mwenye njia yake mwenyewe ya kuzuia hilo katika uzito wa modeli, si katika wingi wa rekodi alizokusanya, ana hoja ya kiufundi. Ila akumbuke kwamba uamuzi wa ofisi hauifungi mikono mahakama. Hataza inaweza kupita kwa mkaguzi leo na kubatilishwa kesho mbele ya jaji anayeisoma Recentive kwa ukali.

Tuone hili linavyofanya kazi kwa kitu mahususi. Shahidi anasema "vyombo vyake vimevunjika", feni inavuma, maikrofoni iko mbali, mfumo unaandika "vyombo vyake zimevunjika." Mhandisi anaongeza kipengele kinachojua ngeli. Dai la kwanza linalomjia kichwani ni hili: mbinu ya kusahihisha kiambishi cha kitenzi ili kilingane na ngeli ya nomino. Hilo ni somo la shule ya msingi, na mkaguzi atalitaja hivyo kwa adabu kidogo tu. Dai la pili linaweza kusema: wakati wa kuchakata vipande vya sauti, mfumo unahifadhi kwenye kumbukumbu ngeli ya nomino iliyotambuliwa, na unaziondoa njia za utafutaji zisizooana na ngeli hiyo kabla hazijakokotolewa, hivi kwamba idadi ya njia zinazobaki inapungua na unukuzi unaweza kufanyika ndani ya simu bila kupeleka sauti kwenye seva. Sarufi ni ileile, lakini sasa inaongoza jinsi mashine inavyotumia kumbukumbu na hesabu zake. Siahidi kwamba dai la pili litapita. Nasema kwamba lina kitu cha kubishania. (Na kando ya hataza, mhandisi huyo ajiulize swali jingine: wako mashahidi wengi ambao kweli husema "vyombo zimevunjika," na nukuu ya mahakama haina ruhusa ya kuwasahihisha.)

Madai ya namna hiyo hayasimami bila ushahidi, na ni salama zaidi ushahidi huo uwemo katika ombi siku linapowasilishwa, kwa sababu baadaye hairuhusiwi kuongeza jambo jipya katika maelezo ya uvumbuzi. Pima kiwango cha makosa ya maneno kabla na baada ya kubadilisha njia yako, ukitumia rekodi zilezile. Pima kumbukumbu, pima muda wa kusubiri, pima chaji inayotumika. Eleza mfumo wa zamani ulikuwa unakwama wapi na kwa sababu gani ya kiufundi, kisha uonyeshe hatua ipi ya kwako inaondoa mkwamo huo. Shauri la Berkheimer dhidi ya HP la mwaka 2018 linasaidia hapa: lilisema kwamba kama hatua fulani ni ya kawaida na iliyozoeleka katika fani au la, hilo laweza kuwa suala la ushahidi, si la kudhaniwa. Mkaguzi asemaye "kila mtu hufanya hivi" anaweza kudaiwa athibitishe, na hoja yako huwa na nguvu zaidi ikiwa maelezo yako yalisema mapema kwamba sivyo inavyofanyika. Maelezo yaliyojaa sifa za soko, kwamba mfumo ni rafiki kwa mtumiaji na utaokoa muda wa ofisi, hayakupi silaha yoyote siku hiyo.

Kuna watakaopinga kwamba madai membamba kiasi hiki hayana faida: mshindani atabadilisha hatua moja na kupita pembeni. Pingamizi hili lina uzito. Jibu langu ni kwamba dai pana linalobatilishwa halimzuii yeyote, na kwamba ombi moja linaweza kubeba madai ya viwango mbalimbali, pana juu na membamba chini, ili la juu likianguka la chini libaki. Zaidi ya hayo, usidai hatua usiyoihitaji. Ikiwa siri yako iko katika kuzipunguza njia za utafutaji, usilifunge dai kwa aina fulani ya mtandao wa neva ambayo miaka mitatu ijayo hakuna atakayeitumia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na silipingi lote. Hataza hutangazwa, kila mtu atasoma njia yako, na ikiwa mfumo wa mshindani unafanya kazi ndani ya seva yake, utajuaje kwamba ameiba? Unaona maandishi yanayotoka, huoni yalivyopatikana. Kwa njia za kufundisha modeli hasa, ambazo hazionekani kabisa kwa mtumiaji, mara nyingi siri ya biashara ni ulinzi bora kuliko hataza: mikataba ya kutotoa siri, mipaka ya nani anaingia kwenye mafaili, na kumbukumbu za nani aliingia. Rekodi zenyewe za sauti zilindwe kwa mikataba na wazungumzaji na wanunuzi. Msimbo wa programu una hakimiliki tangu unapoandikwa, ingawa hakimiliki haimzuii mtu kuandika upya njia ileile kwa msimbo wake. Hataza ibaki kwa kile kinachoonekana au kinachoweza kupimwa kutoka nje: kinachofanyika ndani ya simu, kwenye kifaa, au katika mpangilio wa maikrofoni.

Anayeelekea Ulaya atakuta hali tofauti, na kwa fani hii ni nafuu kidogo. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unaziweka nje programu za kompyuta na mbinu za kihisabati zinapodaiwa zenyewe kama zilivyo, lakini miongozo ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya inataja utambuzi wa usemi, pamoja na kutenganisha vyanzo vya sauti, kuwa miongoni mwa malengo ya kiufundi yanayokubalika. Maana yake, vita vya Ulaya havipiganwi mlangoni. Vinapiganwa juu ya hatua ya kiuvumbuzi, na huko huhesabiwa yale tu yanayochangia lengo la kiufundi. Mpaka wao uko kwenye lugha. Kuhusu kuainisha matini kwa kuangalia maudhui yake tu, bodi ya rufaa ya ofisi hiyo ilikwisha kusema, katika uamuzi T 1358/09, kwamba ni jambo la kiisimu. Kwa hiyo kipengele cha ngeli kilichotajwa hapo juu kikifanya kazi ndani ya uchakataji wa sauti kina nafasi. Kikija baadaye kusafisha maandishi yaliyokwisha kutoka, nafasi hiyo inapungua sana.

Nyumbani, hataza ya Marekani haimzuii mtu Nairobi wala Dar es Salaam. Kila hataza ina mipaka ya nchi iliyoitoa. Sheria ya Mali za Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 inauelezea uvumbuzi kuwa utatuzi wa tatizo mahususi katika uwanja wa teknolojia, na inaziweka nje mbinu za kihisabati na matendo ya akilini tupu. Mantiki ya kuonyesha tatizo la kiufundi inafaa hapo pia. Tanzania Bara maombi hupokelewa na wakala wa usajili, BRELA, Zanzibar ina sheria na ofisi yake, na kupitia Itifaki ya Harare ombi moja kwa ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu barani Afrika, linaweza kutaja Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania kwa pamoja. Kwa kampuni changa swali la kwanza liwe mteja anayelipa yuko wapi, kisha ndipo ada zifuate.

Hataza yoyote utakayoiwaza, chunga mdomo kabla ya kuwasilisha. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kuutangaza uvumbuzi wake. Ulaya, isipokuwa kwa mambo machache sana, haimpi hata siku moja: wasilisho la kongamano, makala ya kitaaluma au msimbo uliowekwa wazi mtandaoni vinatosha kuua upya wa uvumbuzi. Ombi la muda la Marekani halihitaji madai yaliyokamilika, linagharimu kidogo kuliko ombi kamili, na linakupa miezi 12 ya kuamua kama uende mbele na uende nchi zipi. Lakini linalinda yale tu yaliyoandikwa ndani yake, kwa hiyo vile vipimo vya makosa na kumbukumbu viingie humo tangu mwanzo, na slaidi za kongamano zisubiri hadi namba ya ombi ipatikane.